Ukifika Paris Siku ya Maandamano

Aliyezoea kuona barabara zikifungwa ghafla Nairobi au Kinshasa hushangazwa na jambo moja akifika Paris: huko maandamano yana ratiba. Siku hujulikana, saa hujulikana, mtaa wa kuanzia na wa kumalizia hujulikana, na aliyeyaitisha ameshapeleka jina lake polisi. Kwa msafiri aliyedunduliza fedha za safari kwa muda mrefu, hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu chenye ratiba kinapangika.

Shida humpata asiyejua kutenganisha mambo matatu yanayofanana kwa mbali: maandamano yaliyotolewa taarifa, mgomo, na umati usio na mwenyewe. La kwanza hufunga mitaa kwa saa chache. La pili hufunga treni na majumba ya makumbusho. La tatu ndilo la kuogopwa. Tuyachukue moja moja, kisha tuone sheria zinazomgusa mgeni na haki zake akikwama.

Maandamano yenye taarifa

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu Oktoba 1935, sheria ya Ufaransa inawataka waandaaji watoe taarifa angalau siku tatu kabla ya kuandamana, wakieleza lengo, tarehe, saa na njia. Jijini Paris taarifa hiyo hupelekwa Préfecture de Police, yaani makao ya polisi ya jiji. Waandaaji hawaombi kibali, wanaarifu tu, ingawa mkuu wa polisi anaweza kupiga marufuku akiona usalama wa umma uko hatarini. Maandamano makubwa yanapokaribia, magazeti kama Le Parisien huchapisha njia yote pamoja na vituo vya metro vitakavyofungwa. Kama Kifaransa hukijui, muulize mhudumu wa mapokezi hotelini kama kesho kuna "manif". Atakuelewa mara moja.

Njia zenyewe hazibadiliki sana. Inayopendwa kuliko zote huanzia Place de la République, ikapita Bastille na kuishia Place de la Nation, upande wa mashariki wa jiji. Wakati mwingine msafara hufuata Boulevard Voltaire moja kwa moja, mwendo wa karibu kilomita tatu. Kusini mwa mto Seine, Place d'Italie na Denfert-Rochereau ni viwanja vya kila mara. Maandamano mengi ya vyama vya wafanyakazi huanza mchana, kwenye saa 8, na huenda polepole. Kwa hiyo ukisikia République hadi Nation, asubuhi yako iko salama popote, na alasiri unaweza kuwa magharibi ya jiji au Montmartre bila kusikia hata filimbi.

Tarehe moja uiweke akilini kabla ya kukata tiketi: 1 Mei. Vyama vya wafanyakazi huandamana kila mwaka siku hiyo, Louvre hufungwa, na kila kona kuna mtu anauza vishada vya muguet, maua madogo meupe ambayo Wafaransa hupeana siku hiyo.

Jinsi ya kuyasoma ukiwa kando ya barabara

Katikati ya msafara ni kama sherehe ya mtaa. Magari ya vyama hutembea mwendo wa kobe, kila moja limefungwa puto kubwa lenye herufi za chama: jekundu la CGT, la rangi ya machungwa la CFDT. Muziki unapigwa, watoto wamebebwa mabegani, na kando ya barabara moshi unafuka kutoka kwenye majiko ya merguez, soseji zenye pilipili ambazo ndizo chakula cha siku hiyo. Hapo mpita njia anaweza kusimama, akatazama na kuondoka bila kuguswa na mtu.

Mambo hubadilika kwenye ncha mbili. Ncha ya mbele kabisa, kabla ya bango kuu la vyama, hutembea kundi linaloitwa "cortège de tête". Wengi wao ni waandamanaji wa kawaida, lakini humo ndimo huingia vijana waliovaa nyeusi wanaovunja vioo vya mabenki na kurushiana vitu na polisi. Ncha ya mwisho ni uwanja wa kumalizia, jioni, wakati familia zimeshaondoka na magari ya vyama yanageuza. Ghasia nyingi za Paris hutokea katika ncha hizo. Kanuni ya mtazamaji basi ni rahisi: simama katikati ya njia, usisogee mbele, na usiusindikize msafara hadi mwisho wake.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho. Mabenki na maduka yaliyozibwa kwa mbao tangu asubuhi yanakwambia njia inapita hapo. Askari wa CRS, ambao kwa Mtanzania ni kama FFU na kwa Mkenya ni kama GSU, wakiwa wamening'iniza helmeti kiunoni na kupiga soga, hali ni tulivu. Wakishazivaa, wakashusha vioo vya uso na kupanga ngao, usingoje kuuliza kuna nini. Ingia mtaa wa pembeni ulio mpana, wenye njia ya kutokea upande wa pili, na uondoke kwa kutembea. Anayekimbia huwavutia polisi na huwatia wengine hofu.

Nyuma ya msafara huja magari ya kijani ya usafi wa jiji, yakifagia na kumwaga maji. Yakishapita, foleni ya magari hurudi. Hiyo ndiyo saa ya kuvuka.

Siku ya mgomo

Mgomo hauna kelele, lakini ndio unaoharibu safari nyingi zaidi. Desemba 2019, wafanyakazi wa usafiri walipopinga mabadiliko ya pensheni, metro ya Paris ilikaribia kusimama yote. Laini za 1 na 14 ziliendelea kama kawaida kwa sababu hazina dereva. Leo laini ya 4 nayo inajiendesha. Hizo tatu ndizo uti wa mgongo wa msafiri siku ya mgomo: ya 1 inapita Louvre, Champs-Élysées na Bastille, ya 4 inagusa Gare du Nord na mtaa wa Château Rouge wenye masoko ya Kiafrika, na ya 14, tangu Juni 2024, inafika uwanja wa ndege wa Orly. Uwanja wa Charles de Gaulle ndio wenye mtihani, kwani treni yake, RER B, huathiriwa mara kwa mara. Teksi rasmi kati ya uwanja huo na jiji zina bei maalumu iliyopangwa na serikali, kwa hiyo kataa anayekufuata ndani ya jengo akitaka mpatane.

Mgomo nao hutangulia kutangazwa. Vyama vya watumishi wa umma hutoa notisi siku tano kabla, na mashirika ya usafiri lazima yawaeleze abiria, angalau saa 24 mapema, ni treni zipi zitatembea.

Majumba ya makumbusho hayatabiriki hivyo. Tarehe 27 Machi 2023, wakati nchi ikibishania kupandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64, wafanyakazi walizuia lango la Louvre na watalii wakageuzwa. Februari 2024 Mnara wa Eiffel ulifungwa karibu wiki nzima kwa mgomo wa wafanyakazi wake. Juni 2025 wafanyakazi wa Louvre waliacha kazi asubuhi wakilalamikia msongamano, huku foleni ikiwa imeshajipanga nje. Mafunzo yake ni mawili. Kwanza, nunua tiketi kwenye tovuti ya jumba lenyewe, maana ndipo fedha hurudi kwa urahisi likifungwa. Pili, jumba unalolitamani kuliko yote lisiwekwe siku ya mwisho ya safari.

Milango ikifungwa, barabara ni makumbusho

Siku ambayo Louvre imefungwa, Paris bado ina la kuonyesha bila malipo, nalo ni historia ya maandamano yenyewe. Njia hii inatembeka kwa miguu, mradi msafara wa siku hiyo usiwe unapita Bastille.

Anzia bustani ya Luxembourg, uingie rue Gay-Lussac. Usiku wa kuamkia 11 Mei 1968, wanafunzi waling'oa mawe ya barabara mtaani hapo wakajenga vizuizi, wakapambana na polisi hadi alfajiri. Baadaye mitaa mingi ya eneo hilo ilimwagiwa lami juu ya mawe. Kabla ya hapo, tangu 1853, Napoleon III na mkuu wake wa jiji, Haussmann, walikuwa wameshapasua Paris kwa barabara pana. Walitaka hewa, mwanga na mifereji ya maji machafu, lakini upana huo ulirahisisha pia kupitisha askari na kufanya vizuizi viwe vigumu kujenga.

Shuka hadi daraja la Saint-Michel. Hapo pana kibao kilichowekwa mwaka 2001 kuwakumbuka Waaljeria waliouawa 17 Oktoba 1961. Walikuwa wameandamana kwa amani kupinga amri ya kutotoka nje iliyowekewa wao peke yao, wakati nchi yao ikipigania uhuru. Polisi, chini ya mkuu wao wa Paris, Maurice Papon, waliua makumi ya watu, na baadhi wakatupwa mtoni. Msafiri kutoka Afrika asipite hapo haraka. Kibao kile kinamkumbusha kwamba utaratibu wa taarifa na njia haukumlinda kila mtu kwa usawa.

Vuka uone Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, kisha elekea mtaa wa Marais, kwenye jumba la Carnavalet. Ni makumbusho ya historia ya jiji, mkusanyiko wake wa kudumu hauna kiingilio, na humo mna mfano wa gereza la Bastille uliochongwa kutoka kwenye jiwe la gereza lenyewe.

Malizia Place de la Bastille. Wengi hudhani mnara ulio katikati ni wa mapinduzi ya 14 Julai 1789, kumbe ni wa Julai 1830, na majina ya waliokufa siku zile yameandikwa juu yake. Gereza lenyewe lilibomolewa, na sehemu ya mawe yake ikajenga daraja la Concorde. Lakini shuka metro, ukasimame kwenye jukwaa la laini ya 5: kando ya reli utaona mawe ya msingi wa ngome, makubwa na meusimeusi, abiria wanapita na simu zao bila kuyatupia jicho.

Umati usio na mwenyewe

Sasa tuje kwenye la tatu. Mkusanyiko ambao haukutolewa taarifa hauna njia, hauna saa ya mwisho, na hauna kiongozi wa kuzungumza na polisi. Vizibao vya njano, vuguvugu lililoanza 17 Novemba 2018 kwa hasira ya kodi ya mafuta, lilijaa Champs-Élysées Jumamosi baada ya Jumamosi. Tarehe 1 Desemba mwaka huo sehemu ya ndani ya Arc de Triomphe iliharibiwa, na wiki iliyofuata Mnara wa Eiffel na Louvre vilifungwa kwa tahadhari. Mwishoni mwa Juni 2023, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 17 huko Nanterre, mabasi na tramu za Paris na vitongoji vyake zilisimamishwa kuanzia saa 3 usiku. Aliyekuwa amepanga kurudi hotelini kwa basi alilazimika kutafuta njia nyingine.

Furaha nayo inaweza kugeuka. Usiku wa 31 Mei 2025, PSG, klabu ya soka ya Paris, ilipotwaa Ligi ya Mabingwa, shangwe ziliandamana na uchomaji wa magari na mamia ya watu wakakamatwa. Hata muziki wa nyumbani una historia yake Paris: 28 Februari 2020, Wakongo waliopinga onyesho la mwanamuziki Fally Ipupa ukumbini Bercy walikabiliana na polisi karibu na Gare de Lyon, magari na pikipiki vikateketea, na watu wakaondolewa kituoni. Mwenye tiketi ya onyesho na mwenye tiketi ya treni walikuta moshi uleule.

Kwa mkusanyiko wa namna hii hakuna mahali pazuri pa kusimama. Kaa mbali na Champs-Élysées usiku wa fainali, rudi hotelini mapema siku za ghasia za usiku, na kama umeshakutwa nje, ingia mkahawani au dukani uombe kukaa hadi patulie.

Sheria zinazomgusa mgeni

Mgeni anatakiwa aweze kuonyesha hati zinazomruhusu kuwa nchini. Siku ya maandamano beba pasipoti mfuko wa ndani, na picha yake iwe kwenye simu. Usipoweza kujitambulisha, polisi wanaweza kukuzuia kwa muda usiozidi saa nne ili wahakikishe wewe ni nani.

Kuficha uso bila sababu ndani ya maandamano au karibu nayo, pale ghasia zinapotokea au kunukia, ni kosa tangu Aprili 2019, na adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya euro 15,000. Kwa akina mama wa Pwani au Oman wanaovaa nikabu, ipo pia sheria ya 2010 inayokataza kufunika uso wote mahali pa umma popote, faini yake ikiwa hadi euro 150. Hijabu ya kichwani haiguswi mitaani.

Kushiriki maandamano yaliyopigwa marufuku kuna faini ya euro 135. Zito zaidi ni kubaki baada ya polisi kutoa amri ya kutawanyika. Amri hutolewa kwa kipaza sauti, na pasiposikika hurushwa fataki nyekundu. Ukisikia "vous devez vous disperser" au ukiona fataki hiyo, wewe si mtazamaji tena mbele ya sheria. Ondoka.

Kupiga picha mahali pa umma, hata ya polisi, kunaruhusiwa. Busara ni kupiga kwa mbali, kutowasogezea waandamanaji kamera usoni, na kutorusha moja kwa moja mtandaoni. Kisu kidogo ulichonunua kama zawadi kiache hotelini, kwani mifuko hupekuliwa karibu na njia ya maandamano.

Mabomu ya machozi

Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa harufu yake. Ya Paris ni yaleyale. Geukia upande upepo unakotoka, usifikiche macho, na kama unavaa lenzi zitoe kwa mikono safi. Moshi wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo kukimbilia chini kwenye metro ni kuufuata. Tafuta mahali palipoinuka na penye uwazi. Suuza macho kwa maji mengi. Paris imejaa mabomba ya Wallace, yale madogo ya kijani ya tangu 1872, yenye maji safi ya bure. Mwenye pumu na mwenye mtoto mchanga wasikaribie njia ya msafara kabisa.

Usiokote kitu chochote kilichorushwa na polisi. Mwaka 2018 na 2019 wapo waliopoteza viganja kwa kushika guruneti walilodhani ni kopo la moshi. Dharura ni 112 kwa simu yoyote, 15 kwa gari la wagonjwa, 17 kwa polisi, 18 kwa zimamoto, na 114 kwa ujumbe mfupi kwa asiyeweza kusema au kusikia.

Ukikamatwa

Polisi wanaweza kukushikilia saa 24, na muda huo unaweza kuongezwa saa nyingine 24. Una haki ya kujua unashukiwa kwa nini, kunyamaza, kupata mkalimani, wakili, daktari, na jamaa yako kuarifiwa. Kama mgeni, unaweza pia kutaka ubalozi wako ujulishwe, haki inayotambuliwa na Mkataba wa Vienna wa 1963. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zina ubalozi Paris, na namba ya dharura ya ubalozi wako iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu itachukuliwa. Mkalimani wa Kiswahili mwombe kwa jina la lugha yako, usijikaze na Kifaransa cha kubahatisha. Usitie saini usichokielewa. Mwenye viza ya muda mfupi akumbuke kwamba kesi inaweza kuishia kwenye amri ya kuondoka nchini.

Viza ya Schengen inadai bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Isome kabla ya kusafiri, kwani bima nyingi hazimlipi aliyeumia akishiriki ghasia.

Ndege ikifutwa

Kanuni ya Umoja wa Ulaya inamlinda kila anayeondokea uwanja wa Ulaya, hata kwa Kenya Airways. Kutoka kwetu kwenda Ulaya, inashika mashirika ya Ulaya tu. Ndege ikifutwa kwa mgomo, shirika lazima likupe chakula, hoteli ikibidi kulala, na uchague kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa ndege nyingine. Hayo hayategemei nani amegoma. Fidia ya fedha ndiyo inayotegemea. Waliogoma wakiwa wafanyakazi wa shirika lenyewe, na ukajulishwa chini ya siku 14 kabla, safari ya Paris hadi Nairobi inaweza kukupa euro 600. Wakiwa waongoza ndege, fidia hiyo huna. Tunza kadi ya kupandia na risiti zote, na omba sababu ya kufutwa kwa maandishi kabla hujaondoka kaunta. Wengi hukosa haki yao hapo hapo, kwa kupokea pole ya mdomo na kuondoka mikono mitupu.